Askari Aliyekatwa Kichwa Ukutani

Mwili wa Sukkaya, mchonga mawe, ulikutwa asubuhi katika ukumbi mpya wa kasri la Ninawi, chini ya ukuta aliokuwa akiuchonga tangu mwaka uliopita. Alikuwa amelala chali, miguu imenyooshwa, mikono imelazwa kifuani, na kile kitambaa chake cha kujifutia vumbi kimemfunika uso. Kisogo kilikuwa kimepasuka. Juu yake ukutani, katikati ya askari chungu nzima waliochongwa wakipigana, askari mmoja hakuwa na kichwa.

Aliyemkuta alikuwa mateka wa Kielamu aitwaye Kitin, mbeba vikapu vya vifusi. Aliita watu. Walinzi walipoingia wakamwona amepiga magoti kando ya maiti, viganja vina damu, hawakutaka maelezo zaidi. Walimpiga mpaka wakachoka, kisha wakamfunga kwenye nguzo ya jukwaa la miti.

Silim-Ashur alifika jua likiwa limekwisha panda, akiburuta goti lake la kulia. Alikuwa askari kwa muda mrefu kuliko alivyopenda kukumbuka, na baada ya vita vya Elamu alipewa kazi ya kuchunguza mashauri ya kasri. Waliompa walimwambia ni kazi ya kupumzikia. Tangu aanze hakuwa amepumzika.

Bel-Duri, msimamizi wa ujenzi, alimpokea mlangoni kwa uso wa mtu aliyekwisha kuamua.

“Shauri gani tena, mzee Silim? Mtu si huyo hapo amefungwa? Mfalme anakuja kuukagua ukumbi mwezi ukiandama. Nataka akija amkute Mwelamu huyu ametundikwa juu ya mti, na wenzake wote wamemwona.”

“Miti ipo mingi,” Silim alisema. “Haitaisha nikichelewa kidogo.”

Aliinama, goti likalia, akaushika mkono wa marehemu. Ulikuwa baridi na umekakamaa kama gogo. Sukkaya hakufa asubuhi ile. Alikufa jana yake jioni, au mapema usiku, na jioni mateka wote hufungiwa katika ua wao nje ya kasri. Silim alimweleza Bel-Duri hivyo. Bel-Duri akajibu kwamba walinzi wa ule ua huwahesabu mateka wakiwa wamelewa, na kwamba Mwelamu angeweza kujificha nyuma ya fahali wa mawe wa mlangoni mpaka giza liingie.

Hapo mlinzi mmoja aliyesimama mlangoni akasema bila kuulizwa, “Alitoka na wenzake. Mimi nilikuwa zamu ya ua wa kasri jana. Nilimwona akitoka.”

Silim alimtazama. Alikuwa Mgurra, mmoja wa wale wenye mikuki wanaotoka milima ya magharibi kulitumikia jeshi la Ashuru, chapeo yake ina shungi juu kama jogoo. Jina lake Muwata. Mtu wa makamo, mweupe wa ndevu kabla ya wakati. Silim alimwuliza kama alimwona mtu mwingine yeyote akiingia ukumbini jioni ile. Muwata akajibu kwamba ukumbi haujatiwa milango, ua ni mkubwa, na Sukkaya alizoea kubaki nyuma peke yake. Kisha akarudisha macho yake mbele, kama walinzi wanavyofanya.

Silim akaugeukia ukuta.

Vita vile alivijua, kwa kuwa alikuwamo. Palikuwa na mto, na ng'ambo ya mto mitende, na Waelamu wakirudi nyuma mpaka maji yakawafika kifuani. Sukkaya alikuwa amechonga kila kitu: farasi waliopinduka, samaki kati ya maiti, pinde zilizovunjika. Katikati kabisa, mkuu wa wapiga mishale wa Elamu amepiga goti, na askari wa Ashuru amemshika nywele, kisu shingoni. Askari huyo ndiye aliyevunjwa kichwa. Ukawa ukuta wa mtu asiye na kichwa anayemkata mwenzake kichwa.

Walinzi wengine wawili, waliokuwa wakingoja amri, walikuwa wakipitisha wakati kwa kujitafuta ukutani.

“Huyu mwenye ngao ndefu ni mimi,” mmoja alisema.

“Wewe? Wewe siku ile ulikuwa nyuma na punda, unalinda vitunguu.”

“Tazama pua.”

“Pua hiyo wanayo wote. Mpaka farasi anayo.”

Walicheka. Silim naye angecheka kama si maiti iliyokuwa miguuni pake. Lakini maneno yale yalimkaa. Akapita polepole mbele ya ukuta, akiwatazama askari mmoja mmoja. Jicho lilelile, pua ileile, ndevu zilezile zilizosokotwa. Sukkaya, kama wachonga mawe wote wa kasri, alikuwa na sura moja tu ya askari, akiirudia ukuta mzima. Basi anayevunja uso mmoja kati ya nyuso mia zinazofanana hajavunja sura ya mtu. Kuna kitu kingine alichokuwa anakivunja.

Aliagiza mkeka, akaokota vipande vyote vilivyoanguka chini ya askari yule, akavipanga. Lilipatikana jicho, sikio, mashavu, ndevu zote na kipande cha shingo. Kuanzia kwenye paji la uso kwenda juu, hakikuonekana kitu. Chapeo yote haikuwapo. Alipekua vikapu vya vifusi mwenyewe, na chini ya majukwaa, na nyuma ya fahali. Haikuwapo.

Kisha akaona jambo la pili. Kichwa kilikuwa kimevunjwa kwa nyundo nzito, kwa mkono usiojua mawe: mapigo mengine yamekosea yakachubua bega. Lakini kwenye kifua cha askari yuleyule palikuwa na mahali palipokwanguliwa, peupe, laini, kwa tindo nyembamba iliyoshikwa na fundi. Vumbi lake lilikuwa bado limeganda. Silim akachovya kitambaa ndani ya mtungi, akalilowesha jiwe. Lilipolowa, alama za zamani zikajitokeza kwa kivuli: mikanda miwili iliyopishana kifuani, na kisahani cha duara pale inapokutana.

Alivijua vitu hivyo. Askari wa Kiashuru halisi hupigana na koti refu la vipande vya chuma na chapeo iliyochongoka kama mkuki. Mikanda ya kupishana kifuani ni ya Wagurra.

Alimwendea Kitin. Uso wa mateka ulikuwa umevimba, lakini alizungumza vizuri. Miguuni pake palikuwa na bakuli la maji, bakuli la askari, lenye alama ya kikosi. Silim akamwuliza nani kampa.

“Yule mwenye jogoo kichwani,” Kitin alisema. “Mwenye ndevu nyeupe.”

“Kwa nini ulimgusa maiti?”

“Sikujua ni maiti. Nilimwona amefunikwa uso, nikadhani amelala. Nikamwinua kichwa. Alikuwa akinipa tende. Hakunipenda, lakini alikuwa akinipa.”

“Wanasema ulivunja askari kwa sababu anamkata kichwa mkubwa wenu.”

Kitin alicheka kidogo, akaumia mdomo. “Mzee, tazama ukuta. Kaka zangu wawili walikufa kwenye mto ule. Mle ndani kila mtu anamkata mwenzangu kitu. Kama ningeshika nyundo, ningemwacha nani?”

Silim alisema ni kweli. Akaamuru mateka ashushwe kwenye nguzo na afungwe mguu mmoja tu. Bel-Duri alinung'unika, akasema watu wa siku hizi wanawaonea huruma watu wasiostahili, lakini hakuipinga amri.

*

Nyumba ya Sukkaya ilikuwa upande wa soko la wauza kamba. Mjane wake, Banitu, alikuwa amekaa sakafuni na majirani zake, nywele zimefunguliwa. Silim aliketi karibu naye, akaomba radhi kwa kuja na maswali wakati kama ule. Alikwisha kuomba radhi ya namna hiyo katika nyumba nyingi mno, mpaka maneno yenyewe yamechakaa mdomoni mwake.

Banitu alisimulia kwamba mumewe hakuwa na ugomvi na mtu. Siku za mwisho, hata hivyo, hakula vizuri. Juzi alirudi, akakaa mlangoni bila kuvua viatu, na alipoulizwa ana nini akasema maneno ambayo mpaka sasa mjane hakuyaelewa.

“Alisemaje, mama?”

“Alisema, ‘Nimeagizwa nimuue mtu aliyekwisha kufa.’ Nikamwambia wewe umekunywa. Akasema laiti angekuwa amekunywa.”

“Nani alimwagiza?”

“Nani anawaagiza wachonga mawe? Bel-Duri.”

Silim akarudi kasrini, goti likimlaani njia nzima. Bel-Duri hakuficha kitu, akashangaa tu kwamba jambo dogo kama lile linahitaji kuulizwa. Ndiyo, alimwagiza Sukkaya abadilishe mavazi ya askari yule mmoja. Sukkaya alikuwa amemchonga Mgurra, na kamanda Aplaya alikuja kulalamika kwamba aliyemkata kichwa yule mkuu wa Waelamu ni yeye, Aplaya, na kila mtu analijua hilo. Basi shungi lipunguzwe liwe ncha, mikanda ikwanguliwe, achongwe koti. Kazi ya siku chache.

“Sukkaya alikubali?”

“Alibisha. Alisema mtu wake ni Mgurra na anamjua. Nikamwambia ukuta ni wa mfalme, si wa mama yake. Akakubali.”

*

Kamanda Aplaya alimpokea Silim katika bustani ya makomamanga aliyopewa na mfalme baada ya vita, kwa ajili ya kile kichwa. Silim alikumbuka siku yenyewe: Aplaya akikimbia kando ya mto, amekiinua kichwa cha mkuu wa Waelamu kwa nywele, watu wakipiga kelele. Silim alikuwa amelala chini na mshale gotini. Aliona kichwa kikipita. Hakuona nani aliyekikata.

Aplaya aliagiza bia na mkate wa shayiri. Akauliza kama mzee mwenzake bado anaumwa na mguu. Silim akajibu kwamba mguu haumwachi, kisha akasema lililomleta.

“Unaniuliza mimi kama nimemuua Sukkaya?”

“Nakuuliza kwanza nani alimkata yule mkuu.”

Kamanda akawaambia watumishi waende mbali.

“Alikuwa kijana mmoja wa Kigurra,” alisema. “Nilimkuta amekwisha maliza kazi, amekishika kichwa mkononi, na yeye mwenyewe ana mkuki wa mtu ubavuni. Alinipa. Sikumnyang'anya, Silim. Alininyooshea mkono akanipa, nadhani aliona ni uzito tu. Kisha akaangukia majini, mto ukamchukua. Ningefanya nini? Niseme kichwa hiki ni cha maiti inayoelea? Sikumwibia mtu aliye hai.”

“Na Sukkaya alijuaje?”

“Sijui. Wagurra walikuwa kando yetu. Labda mmoja aliona.”

“Ulitaka askari yule avunjwe?”

“Wewe nawe.” Aplaya alionekana kuchoka ghafla, mashavu yakamlegea. “Fikiri. Shungi ni jiwe jingi. Ukilipunguza unapata ncha, chapeo yangu. Kazi ilikuwa imeanza. Siku chache zaidi ningekuwa ukutani mpaka mwisho wa dunia. Sasa niko ukutani sina kichwa, na jiwe halirudishwi. Nani amepoteza hapa kama si mimi?”

Silim aliinywa bia yake yote kwa sababu alikuwa na kiu. Alijua kamanda anasema kweli. Aliyevunja chapeo ile hakuwa mtu aliyetaka Aplaya achongwe. Alikuwa mtu ambaye hakutaka Aplaya alichukue shungi la mwingine, akaona afadhali lisiwe la yeyote. Kisha mtu huyohuyo akamlaza maiti vizuri na kumfunika uso, jambo asilolifanya mwizi wala adui. Na kesho yake asubuhi alimpa maji Mwelamu aliyefungwa kwa kosa lake, akamsemea bila kuulizwa.

*

Nyumba za Wagurra zilipangana chini ya ukuta wa mji upande wa mashariki, vijumba vya matofali ya udongo, kuku wakizunguka. Jua lilikuwa linaelekea kutua Silim alipobisha. Muwata alikuwa amerudi kutoka zamu. Alifungua, akamtazama, akasogea pembeni ampishe. Chumba kilikuwa kimoja: mkeka, mkuki, ngao ya duara ukutani, chungu cha dengu.

Silim akaomba kukaa, kwa ajili ya goti. Alipokaa akaona sakafu. Katika kona, mbali na mlango, udongo ulikuwa umechimbwa na kushindiliwa upya, na katikati yake umesimamishwa mdomo wa bomba la udongo wa kuchoma. Kila nyumba ya Ninawi ina bomba kama lile juu ya wazee waliozikwa chini ya sakafu. Ndimo wafu wanamomiminiwa maji yao. Udongo uliolizunguka ulikuwa umelowa.

“Nani amekufa humu?” Silim aliuliza.

Muwata aliitazama kona.

“Nimeuliza kwa majirani kabla ya kubisha. Wanasema unaishi peke yako. Wanasema ulikuwa na mdogo wako, Larma, akafa Elamu, na mto ukamchukua. Hapakuwa na cha kuzika. Basi chini ya sakafu hii kuna nini?”

“Afande anajua,” Muwata alisema.

“Najua. Nataka kusikia kwako.”

Muwata aliketi kwenye mkeka, akaweka mikono magotini. Alizungumza bila haraka, kama mtu anayetua mzigo aliozoea kuubeba. Alisema kwao mtu asiyezikwa huwa anarudi kuomba maji, na Larma alikuwa anarudi. Hakusema anarudije, na Silim hakumwuliza. Aliposikia kwamba Sukkaya anachonga vita vya mtoni, alimwendea akamsimulia aliyoyaona kwa macho yake: Larma, kisu, mkuki ubavuni, na kamanda anayepokea kichwa. Sukkaya aliendelea na kazi yake. Lakini baada ya muda alimwita, akamwonyesha. Larma alikuwa ukutani, shungi lake, mikanda yake, katikati kabisa.

“Sura haikuwa yake,” Muwata alisema. “Larma alikuwa na pua iliyovunjika. Lakini shungi lilikuwa letu. Nikaanza kupita kila jioni, nikimaliza zamu. Nasimama kidogo tu. Larma akaacha kurudi.”

“Na jioni ile?”

“Nilimkuta Sukkaya juu ya jukwaa anakwangua kifua. Nikamwuliza unafanya nini. Akasema ameagizwa, kesho atatoa na shungi. Akasema, ‘Nisamehe, Muwata, mimi nina mke.’ Nikamwambia shuka. Hakushuka. Nikamshika mguu.” Akatazama viganja vyake. “Nilitaka ashuke tu, afande. Nilimvuta ashuke.”

Sukkaya aliteleza kwenye vumbi la jiwe, akaanguka kinyumenyume, kisogo kikakutana na ukwato wa fahali wa mlangoni. Muwata alimwita, akamtikisa. Alipoona amekwisha, alimlaza kama mtu anavyopaswa kulazwa. Halafu akachukua nyundo. Hakuwa na mahali pa kumzika Larma ila pale ukutani, na kesho wangempa Aplaya mahali pake. Akavunja, akaitia chapeo ndani ya joho lake, akaenda nayo nyumbani.

“Ungemwacha Mwelamu afe?”

“Nilisema asubuhi nitasema,” alijibu. “Nikasimama pale mlangoni, mdomo ukakataa. Nikawaza, wakinichukua, nani atamwaga maji hapa? Nikasema nitasema kesho. Afande, sijui kama ningesema.”

Silim alimwamini kwa sababu ya maneno yale ya mwisho. Mwongo angeapa kwamba angesema.

*

Asubuhi iliyofuata aliwakusanya ukumbini: Bel-Duri, kamanda Aplaya, Banitu mjane na kaka yake, Kitin akiwa bado amefungwa mguu, na Muwata bila mkuki. Mbele yao wote alieleza, jambo baada ya jambo, kuanzia maiti iliyokakamaa hadi sakafu iliyochimbwa. Alilowesha tena kifua cha askari ili waione mikanda. Hakupandisha sauti. Alipomaliza, Kitin alifunguliwa.

“Sasa tuna makosa mawili,” Bel-Duri alisema. “Damu ya Sukkaya ni ya watu wake, wataamua. Lakini ukuta ni wa mfalme. Aliyevunja ukuta wa mfalme namfikisha kwa mfalme, naye ataishia kwenye mti.”

“Mfikishe,” Silim alisema. “Mfalme atauliza chapeo gani ilivunjwa. Nami nitaulizwa, na sitasema uongo mbele ya mfalme. Halafu atauliza bustani ya makomamanga aliitoa kwa nani, na kwa kazi gani.”

Nje mafundi walikuwa wakivuta jiwe, wakiitikiana. Kamanda Aplaya alikuwa akiutazama ukuta, pale kichwa chake kilipotakiwa kuwa.

“Jiwe lilikuwa na ufa,” alisema hatimaye. “Mawe ya jasi yana nyufa. Lilimegukia mikononi mwa fundi.”

Bel-Duri aliwatazama wote wawili, akapima, akaona njia iliyo fupi zaidi kabla ya mwezi kuandama. “Lilikuwa na ufa,” akakubali.

Ikabaki damu. Kwa desturi ya Ashuru wenye marehemu wanaweza kuchukua fidia, au wakamwua muuaji juu ya kaburi. Kaka yake Banitu alikuwa amekuja na kisu. Banitu alimwendea Muwata, akasimama karibu naye sana.

“Ni wewe uliyemfunika uso?”

“Ni mimi.”

“Alisema neno?”

“Hakuwahi, mama.”

Uso wa Banitu haukulainika hata kidogo, na wote waliokuwapo waliona kwamba hajasamehe wala hana nia ya kusamehe.

“Mume wangu nimemzika chini ya chumba ninacholala,” alimwambia kaka yake. “Sitaki damu ya huyu imwagwe pale, nilale juu yake. Fidia sitaki vilevile. Nitakula nini nikikumbuka imetoka wapi?” Akamgeukia Silim. “Aende mbali. Ngome ya mbali kuliko zote mliyonayo. Nisije nikamkuta sokoni.”

Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Muwata alipelekwa kwenye ngome moja ya milimani kaskazini, mahali ambapo theluji hufunga njia na watu hawarudi kwa wingi. Alipokuwa akipanga foleni langoni na waliopelekwa pamoja naye, alimtazama Silim mara moja, akataka kusema jambo, akaacha. Silim akamwambia, “Najua.” Muwata akaitikia kwa kichwa, wakaondoka.

Fundi mwingine aliletwa kuuponya ukuta. Kwa kuwa jiwe lilikuwa limekwisha kuliwa, alilazimika kuchonga kichwa ndani zaidi, kidogo kuliko vingine, chenye ncha. Mfalme alikuja, akapita, akasimama zaidi mbele ya farasi. Kitin alirudi kwenye vikapu vyake akichechemea. Alipopishana na Silim uani hakumshukuru, na Silim hakuona sababu ya kushukuriwa.

Nyumba ya Muwata ilikuwa igawiwe kwa askari mwingine. Siku moja kabla, Silim alikwenda na jembe dogo, akaichimba kona, akakuta kipande cha jiwe kimeviringishwa ndani ya kitambaa cha sufu, shungi lote zima, kazi safi ya Sukkaya. Akalibeba mpaka kwake kama mtu anayebeba mtoto aliyelala, kwa sababu lilikuwa zito na hakujua namna nyingine ya kulibeba.

Mkewe alimkuta amepiga magoti juu ya goti bovu, anachimba kando ya mahali walipozikwa wazazi wake na binti yao mdogo.

“Nani huyo?” aliuliza.

“Kijana wa Kigurra. Anaitwa Larma.”

“Tunamjua?”

“Hatumjui.”

Mkewe aliangalia shimo, akaangalia jiwe, akamwangalia mumewe anavyotweta. Akamnyang'anya jembe, akamalizia kuchimba yeye. Kisha akaenda kuleta maji.